Uhuru wa Siku Thelathini na Tatu: Zanzibar kati ya Desemba 1963 na Januari 1964

Utangulizi

Tarehe 10 Desemba 1963 visiwa vya Unguja na Pemba vilitoka katika himaya ya Uingereza vikawa dola huru chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu Muhammad Shamte Hamadi. Siku sita baadaye dola hiyo ilipokelewa katika Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. Ilipofika tarehe 12 Januari 1964 dola hiyo haikuwapo tena. Ilikuwa imedumu siku 33. Katika siku na majuma yaliyofuata maelfu ya watu waliuawa, na wengine wengi wakafungwa au wakakimbilia nchi za ng'ambo.

Makala hii inakusudia kuuliza swali moja: Je, ilikuwaje mapatano ya uhuru yaliyofuata sheria katika kila hatua yakashindwa kudumu hata majuma matano?

Swali hili si la wanahistoria peke yao. Sisi tunaotumika bara, mbali na pwani, katika mahali kama Singe hapa Babati, huyataja mambo ya Zanzibar katika mahubiri na katika mafundisho, na kwa kawaida huwa tuna mojawapo ya majibu mawili. La kwanza husema kwamba palikuwa na chuki ya asili kati ya Mwarabu na Mwafrika, iliyoanzia katika biashara ya watumwa na kulipuka mwaka 1964. La pili husema kwamba vilikuwa vita vya dini. Jibu la kwanza lina sehemu ya ukweli, lakini halielezi kwa nini watu walioishi mtaa mmoja na kuoana kwa vizazi vingi wafikie kuuana katika mwaka ule na si mwingine. Jibu la pili linapotosha kabisa, maana waliogombana walikuwa karibu wote Waislamu, walisema Kiswahili kimoja, na mara nyingi waliswali nyuma ya imamu mmoja.

Mwandishi anaona kwamba jibu lapasa kutafutwa mahali pengine, yaani katika tofauti iliyopo kati ya serikali kuwa halali na serikali kukubaliwa. Msomaji wa Maandiko anaifahamu tofauti hiyo. Rehoboamu alikuwa mrithi halali wa Sulemani, wala hakuna aliyebisha nasaba yake. Hata hivyo alipokwenda Shekemu, kama tusomavyo katika 1 Wafalme 12, makabila kumi yaliona kwamba hayana fungu katika ufalme ule, na uhalali wake haukumfaa kitu.

Jamii ya visiwa kabla ya vyama

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1958 visiwa vilikuwa na watu wapatao laki tatu. Kulikuwa na Wahadimu na Watumbatu wa Unguja pamoja na Wapemba, ambao wengi wao walijiita Washirazi. Kulikuwa na watu waliotoka bara, baadhi yao wakiwa wazao wa watumwa na wengine wakiwa wamekuja kutafuta kazi. Kulikuwa na Waarabu, Wahindi na Wangazija. Majina hayo hayakuwa na mipaka migumu kama tunavyodhani. Kati ya sensa moja na nyingine watu wengi walibadili jina la kabila walilojiandikisha, na katika nyumba moja iliwezekana kumkuta babu aliyejiita Mshirazi na mjukuu aliyejiita Mwarabu.

Hata hivyo kulikuwa na dhuluma iliyokuwa na mizizi mirefu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake, Mkunazini, Waanglikana chini ya Askofu Edward Steere wakajenga kanisa lao. Utumwa wenyewe ulikosa nguvu ya sheria mwaka 1897. Lakini ni vema tukumbuke jinsi ulivyokomeshwa. Serikali iliwalipa fidia wenye watumwa, na mashamba ya karafuu yakabaki mikononi mwao. Aliyeachwa huru hakupewa ardhi. Alibaki akiishi na kulima chini ya mikarafuu ya mtu mwingine, kwa hisani ya mwenye shamba. Hali kadhalika Wahadimu wa Unguja walikuwa wamekwisha kusukumwa kutoka katika ardhi yenye rutuba hadi katika ardhi ya mawe ya mashariki na kusini.

Pemba hali ilikuwa tofauti. Huko Washirazi wengi walimiliki mikarafuu yao wenyewe, na walioana na Waarabu kwa wingi zaidi. Kwa sababu hiyo neno lililomuuma mtu wa Unguja halikumuuma Mpemba kwa namna ile ile. Tofauti hii ya visiwa viwili yatupasa kuikumbuka, kwa maana hapo baadaye ndiyo iliyoamua chaguzi.

Zama za siasa

Wazee wa Zanzibar huviita vipindi vya kati ya 1957 na 1963 zama za siasa, na katika vinywa vya wengi neno hilo siasa lina uchungu ndani yake.

Chama cha kwanza, ambacho watu walikiita Hizbu, kiliundwa mwaka 1955. Inafaa kufahamu kwamba mbegu yake ilipandwa na wanakijiji wa Kiembe Samaki, waliokuwa wameingia katika ugomvi na serikali ya kikoloni juu ya ng'ombe wao mwaka 1951, na ndipo baadaye wasomi wa mjini kama Ali Muhsin Barwani wakakiongoza. Chama hicho kilidai uhuru wa haraka na kikawataka watu wote, wa kila kabila, wajihesabu kuwa raia wa Sultani. Mwezi Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana kuwa Afro-Shirazi, chini ya Abeid Amani Karume, mtu aliyekuwa baharia. Chama hiki kilihofu kwamba uhuru wa haraka ungekuwa uhuru wa wenye mashamba juu ya wakulima wao.

Katika uchaguzi wa Julai 1957 Hizbu hawakupata kiti hata kimoja. Tokea hapo ugomvi ukatoka katika mikutano ukaingia katika maisha ya kila siku. Baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza wakulima waliounga mkono Afro-Shirazi. Wafuasi wa Afro-Shirazi nao waliyasusia maduka ya Waarabu na kufungua ya kwao. Watu walisusiana katika mazishi na katika harusi. Mahali ambapo maziko ni wajibu wa mtaa mzima, mtu kukataa kubeba jeneza la jirani yake ni jambo zito kuliko matusi ya jukwaani.

Juhudi za kupatanisha hazikukosekana. Mwezi Septemba 1958 wapigania uhuru wa Afrika Mashariki na ya Kati walikutana Mwanza, na kwa msukumo wa mkutano ule vyama viwili vya Zanzibar vilikubali kushirikiana. Ushirikiano huo haukudumu. Mwishoni mwa 1959 baadhi ya viongozi wa Afro-Shirazi, wakiongozwa na Muhammad Shamte wa Pemba, walijitenga na kuunda chama cha watu wa Zanzibar na Pemba, kilichojulikana kwa herufi ZPPP. Washirazi wakagawanyika, na ndugu wa ukoo mmoja wakawa na kadi mbili.

Hesabu ya kura na hesabu ya viti

Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa viti 22. Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu. Wajumbe watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, hata pande mbili zikawa sawa, 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Jimbo moja likaongezwa, na watu wakarudi kupiga kura tarehe 1 Juni. Safari hii Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Hizbu na ZPPP wakaungana wakaunda serikali, ingawa Afro-Shirazi walikuwa wamepata karibu nusu ya kura zote.

Siku ile ile ya uchaguzi ghasia zilianza mjini, kisha zikaenea mashambani. Watu 68 waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Wengi wa waliokufa walikuwa Waarabu, na wengi miongoni mwa hao hawakuwa mabwana wa mashamba. Walikuwa Wamanga, wenye vibanda vya biashara vijijini, watu maskini waliokuja kutoka Omani, ambao kosa lao kubwa lilikuwa kwamba walikuwa karibu na peke yao. Hili ni fundisho la kwanza la historia hii. Hasira dhidi ya mkubwa asiyefikika humwangukia mdogo aliye jirani.

Mkutano wa London wa mwaka 1962 ulimalizika bila mwafaka. Mwezi Julai 1963 uchaguzi wa mwisho ukafanyika, sasa kwa viti 31. Afro-Shirazi walipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu. Hizbu walipata viti 12 na ZPPP 6, jumla 18. Kwa hesabu ya kura walio wengi walikuwa upande mmoja. Kwa hesabu ya viti serikali ilikuwa upande wa pili.

Wanafunzi huuliza jambo hilo lawezekanaje pasipo wizi wa kura. Tuchukue mfano wa majimbo matatu yenye wapiga kura 1,000 kila moja. Chama cha kwanza kinapata kura 900 katika jimbo moja, na kura 480 katika kila moja la mengine mawili. Jumla yake ni 1,860 kati ya 3,000, nayo ni zaidi ya asilimia 60, lakini kimepata kiti kimoja tu. Chama cha pili kwa kura zake 1,140 kimepata viti viwili. Ndivyo ilivyotokea Zanzibar. Afro-Shirazi walirundika kura katika Ng'ambo ya mji na kusini mwa Unguja, na wakashindwa kwa tofauti ndogo katika majimbo mengine, hasa ya Pemba. Kanuni ilikuwa ile ile inayotumika Uingereza kwenyewe, na vyama vyote viliingia katika uchaguzi vikiifahamu.

Kwa hiyo serikali ya Shamte ilikuwa halali. Jambo hili lazima lisemwe wazi, kwa maana wako wanaolikana. Lakini lazima lisemwe wazi pia kwamba zaidi ya nusu ya wapiga kura walikuwa wameikataa, na kwamba mapatano ya uhuru hayakuwapa watu hao fungu lolote katika utawala. Serikali ya pamoja haikuundwa. Mshindi alikabidhiwa nyumba yote, na aliyeshindwa akaambiwa angoje uchaguzi mwingine, chini ya kanuni zile zile ambazo tayari alikuwa haziamini.

Siku thelathini na tatu

Serikali mpya haikuwa na jeshi. Ilitegemea polisi, na wengi wa polisi walikuwa watu wa bara walioajiriwa zamani za Waingereza. Serikali iliwatilia mashaka, ikaanza kuwaondoa kazini. Hivyo askari waliojua silaha zinawekwa wapi na milango inafungwaje wakajikuta hawana ajira, wako bado visiwani, nao wana kinyongo. Pengine hakuna kosa la kiutawala lililoigharimu serikali ile zaidi ya hili.

Wakati huo huo sheria zilipitishwa za kuiwezesha serikali kufuta vyama na kufunga magazeti. Abdulrahman Babu, ambaye hapo kwanza alikuwa katibu mkuu wa Hizbu, alikuwa amejitenga mwaka 1963 na kuanzisha chama cha Umma. Mwanzoni mwa Januari 1964 chama hicho kilipigwa marufuku. Ishara zote zilionyesha upande mmoja. Serikali iliyoshinda kwa shida ilijaribu kujiimarisha kwa kuubana upande wa pili badala ya kuuvuta karibu. Vijana waliomshauri Rehoboamu walitoa ushauri wa namna hiyo hiyo, nao ulizaa matunda ya namna hiyo hiyo.

Mapinduzi na damu

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari, makundi ya watu wenye mapanga na silaha za jadi yalivamia kambi ya polisi ya Ziwani, yakaiteka ghala ya silaha, na kabla ya siku kwisha mji ulikuwa mikononi mwao. Sultani aliondoka kwa meli, na hatimaye akafika Uingereza. Karume akawa Rais wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar, Abdulla Kassim Hanga na Babu wakashika nafasi za juu.

Sauti iliyosikika redioni siku zile haikuwa ya Karume. Ilikuwa ya John Okello, kijana kutoka Lango, Uganda, aliyekuwa amefanya kazi za mikono Pemba, na ambaye sasa alijiita Jemadari Mkuu. Hapa sisi wanatheolojia hatuna budi kusimama kidogo. Okello alikuwa amelelewa katika Ukristo, na alidai kwamba Mungu ndiye aliyemwagiza, tena kwa ndoto. Matangazo yake yalikuwa ya vitisho vya kutisha mno. Kwa sababu ya mtu huyu mmoja wako Wazanzibari ambao mpaka leo hukumbuka mapinduzi kama uvamizi wa Wakristo kutoka bara. Kumbukumbu hiyo si sahihi kwa jumla, lakini haikuzuka bure, wala haitaondolewa kwa kukasirika. Yatupasa kuijua kabla hatujafungua kinywa mbele ya ndugu zetu Waislamu. Okello mwenyewe alifukuzwa visiwani majuma machache baadaye.

Mauaji yalikuwa makubwa hasa katika mashamba ya Unguja, na waliouawa wengi walikuwa Waarabu. Hakuna aliyewahesabu. Makadirio huanzia maelfu machache na kupita elfu kumi, na kila mkadiriaji ana upande wake. Pemba mapigano hayakuwa makubwa, lakini viboko na adhabu za hadharani zilifuata, na watu wa kisiwa kile hawakuzisahau. Shamte, Ali Muhsin na mawaziri wenzao walifungwa miaka mingi katika magereza ya bara. Tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar na Tanganyika zikaungana.

Lazima kusema pia yale yaliyotendwa kwa haki. Ardhi ilitaifishwa, na wakulima wengi waliokuwa wakiishi kwa hisani walipewa ekari tatu tatu. Kwa mtu ambaye babu yake aliachwa huru bila shamba mwaka 1897, hili halikuwa jambo dogo. Lakini mapinduzi nayo yaliwameza wana wake. Hanga na Othman Shariff, waliokuwa mstari wa mbele katika Afro-Shirazi, waliuawa mwishoni mwa miaka ya 1960. Karume mwenyewe aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972. Katiba ya kwanza baada ya mapinduzi haikupatikana mpaka mwaka 1979.

Mfano kutoka Ayalandi

Ili tusidhani kwamba mambo haya ni ya Afrika peke yake, inafaa tutazame nchi nyingine ambayo Uingereza iliiacha kwa mapatano yaliyobishaniwa. Tarehe 6 Desemba 1921 wajumbe wa Ayalandi walitia sahihi mkataba mjini London. Mkataba uliwapa dola yao wenyewe, lakini uliwataka wajumbe wa bunge lao wale kiapo cha uaminifu kwa mfalme wa Uingereza, na uliiruhusu sehemu ya kaskazini kubaki nje. Bunge la Ayalandi liliupitisha Januari 1922 kwa kura 64 dhidi ya 57. Wale waliopigana bega kwa bega dhidi ya Waingereza wakagawanyika, na tangu Juni 1922 hadi Mei 1923 wakapigana wao kwa wao. Michael Collins, mmoja wa waliotia sahihi, aliuawa tarehe 22 Agosti 1922 katika jimbo alilozaliwa, na Waayalandi wenzake.

Ziko tofauti. Katika Ayalandi serikali ya mkataba ilishinda, Zanzibar ilipinduliwa. Katika Ayalandi ugomvi ulikuwa wa maneno ya mkataba. Zanzibar ulikuwa pia wa ardhi na nasaba. Lakini jambo la msingi ni moja. Wingi mdogo, ulio halali, ulitumiwa kuamua jambo ambalo walioshindwa waliliona kuwa ni la uhai wao, na hapakuwa na mahali palipoandaliwa kwa ajili yao.

Mfano huu una neno kwa kanisa pia. Mwezi Oktoba 1922 maaskofu Wakatoliki wa Ayalandi walitoa waraka wa kichungaji wakiwashutumu waliokuwa wakipigana na serikali, na kuwanyima sakramenti wale watakaoendelea. Walitaka amani, na kisheria walikuwa na hoja. Lakini vita viliendelea zaidi ya nusu mwaka, na waumini wengi wa upande ulioshindwa waliondoka na kidonda kwamba kanisa lao liliwafukuza mezani katika saa yao ya giza huku likinyamazia mno makosa ya serikali, ambayo iliwapiga risasi wafungwa zaidi ya sabini. Vyama viwili vikubwa vilivyozaliwa na pande mbili za vita vile havikukaa katika serikali moja mpaka Juni 2020, karibu miaka 100 baadaye.

Kumbukumbu mbili

Zanzibar hata leo ina tarehe mbili. Tarehe 12 Januari ni sikukuu ya taifa zima. Tarehe 10 Desemba haina sherehe ya serikali. Kwa wengine ulikuwa uhuru wa bandia, wa Sultani na watu wake, na kwa wengine ndio uhuru pekee wa kweli ambao visiwa viliwahi kuupata. Upande mmoja huanza kusimulia kutoka soko la Mkunazini na kumalizia na ekari tatu. Upande wa pili huanzia Januari 1964 na kumalizia na makaburi yasiyo na majina. Sheikh Thabit Kombo wa Afro-Shirazi ameacha masimulizi yake, yaliyochapishwa mwaka 1999, na Ali Muhsin ameacha kumbukumbu zake. Anayesoma kimoja na kuacha kingine amesikia shahidi mmoja tu.

Vyama vingi viliporudi, hesabu ya zamani ilirudi pia. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2, dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad. CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na CCM karibu vyote vya Unguja. Majina ya matusi ya zama za siasa, kama vile kumwita mpinzani Hizbu, yalifufuka katika vinywa vya vijana ambao hawakuwapo mwaka 1964. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi, makumi ya watu wakafa, na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni nchini Kenya.

Ndipo lilipofanyika jambo ambalo halikufanyika mwaka 1963. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad walikutana, na tarehe 31 Julai 2010 theluthi mbili ya waliopiga kura ya maoni walikubali kwamba aliyeshindwa awe na fungu katika serikali kwa mujibu wa katiba. Uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ulipita kwa utulivu. Mapatano hayo yalitikiswa vibaya uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, na damu ilimwagika tena mwaka 2020. Hata hivyo Desemba 2020 Seif alikubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, naye alifia katika nafasi hiyo tarehe 17 Februari 2021. Ilichukua miaka 46 tangu mapinduzi mpaka kuandikwa katika katiba kwamba nusu ya watu haiwezi kuwekwa nje ya mlango.

Hitimisho: mambo yatupasayo

Kutokana na historia hii mwandishi anaona mambo matatu yanayowapasa watumishi na wanafunzi wa theolojia.

La kwanza ni kuacha kuihubiri Zanzibar kama mfano wa vita vya dini, au kama kisasi cha haki juu ya wafanya biashara ya watumwa. Mmanga aliyeuawa dukani mwake mwaka 1961 hakuwahi kuuza mtumwa. Dhambi ya utumwa ilikuwa kubwa na hatupaswi kuipunguza, lakini kuipunguza ni jambo moja, na kuitumia kuhalalisha mauaji ya mjukuu ni jambo jingine.

La pili lahusu nyumba yetu wenyewe. Kanisa letu liliundwa mwaka ule ule wa 1963, tarehe 19 Juni, makanisa saba yalipokubali kuwa moja. Sisi pia tuna katiba, tuna kura, na tuna mipaka ya majimbo na dayosisi. Mgogoro wa Meru wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulituonyesha kwamba washarika wa imani moja na lugha moja waweza kuharibiana mali na kuumizana kwa sababu ya mgawanyo ambao upande mmoja uliuona kuwa umefuata utaratibu na upande wa pili ukaona haukuwa na fungu ndani yake. Katika sharika za Babati, ambamo Mgorowa, Mwiraqw, Mrangi na Mbarbaig hukaa benchi moja, mchungaji anayeshinda kura ya mkutano kwa tofauti ndogo asiseme tu kwamba katiba imefuatwa. Aulize pia walioshindwa wameondoka na nini mkononi.

La tatu ni habari ya nabii ambaye hatumhubiri mara nyingi. Baada ya makabila kuasi na Adoramu kupigwa mawe, Rehoboamu alikusanya jeshi kubwa ili aurudishe ufalme wake wa halali. Shemaya, mtu wa Mungu, akatumwa kumzuia asipigane na ndugu zake, na watu wakasikia, wakarudi nyumbani kila mtu kwake. Shemaya hakusema kwamba Yeroboamu ana haki, wala hakumvua Rehoboamu taji. Alilozuia ni vita tu. Mwaka 1961, na tena mwaka 1963, palikuwa na nafasi ya sauti ya namna hiyo visiwani. Wanafunzi wanaokwenda katika sharika mwaka huu wataikuta nafasi hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo, katika baraza la wazee, katika mgogoro wa shamba la kanisa, na katika kila uchaguzi wa nchi.